Karani, Kipande na Kanuni: Kazi ya Kwanza katika Kumbukumbu za Afrika Mashariki

Katika maandishi ya kumbukumbu yaliyoachwa na watu wa Afrika Mashariki wa karne ya 20, utoto hupewa kurasa nyingi, siasa hupewa nyingi zaidi, na kazi ya kwanza, ile iliyompa mwandishi mshahara wake wa kwanza na mkubwa wake wa kwanza, hupitiwa upesi kana kwamba haikuwa na lake ila kumvusha kwenda kwenye mambo makubwa. Hata hivyo, msomaji mwenye subira hugundua kwamba kurasa hizo chache ndizo zenye siri nyingi, kwa kuwa ni humo tu ambamo mtu atakayekuja kuwa mashuhuri huonekana akiwa bado hana jina, akipokea amri, akihesabiwa siku zake na mtu mwingine, na akijifunza mambo ambayo shule haikupata kumwambia. Makala haya yanashikilia kwamba jambo kubwa lililofunzwa na kazi hizo halikuwa ufundi wa kazi yenyewe, wala utii ambao waajiri walipenda kuusifu, bali ujuzi wa kanuni, yaani kujua ngazi ya mshahara inavyopangwa, nani ana mamlaka ya kutia saini, uhamisho huamuliwa wapi, na malalamiko hupitia mikono ya nani kabla ya kujibiwa au kupotelea ndani ya faili.

Mtu wa kwanza kuzingatiwa hapa ni karani, kwa sababu kazi ya ukarani ndiyo iliyowapokea vijana wengi waliosoma katika nusu ya kwanza ya karne hiyo. Karani alikuwa mtumishi wa kalamu: aliandika barua, alinakili hati, alitunza daftari la fedha, alitafsiri maneno ya raia kwa mkubwa na maneno ya mkubwa kwa raia, na kwa hiyo alisimama mahali pa hatari na pa faida kwa wakati mmoja. Serikali ya Wajerumani ilianza mapema kuwaandaa watu wa namna hiyo katika shule yake ya Tanga, ambako gazeti la Kiongozi lilianza kuchapishwa mwaka 1904, na kwa kuwa utawala huo uliendesha shughuli nyingi za wilayani kwa Kiswahili, kijana aliyejua kusoma na kuandika lugha hiyo kwa herufi za Kirumi alikuwa na soko. Waingereza walipoitwaa nchi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, soko liligeuka ghafla. Makarani waliolelewa chini ya Wajerumani walikuwa na ujuzi wa ofisi lakini hawakuwa na Kiingereza, ilhali vijana waliosomea misheni ya Kianglikana huko Unguja walikuwa na Kiingereza tayari, na hivyo wakajikuta wanahitajika kuliko walivyotarajia wao wenyewe.

Miongoni mwa hao alikuwa Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma katika chuo cha Kiungani, na ambaye masimulizi ya maisha yake yalichapishwa mwaka 1936 katika kitabu cha habari za Waafrika kumi kilichohaririwa na Margery Perham. Masimulizi hayo yana tabia moja inayomvutia mchunguzi: ujana wake wote wa kazi ni mlolongo wa kuhama, kutoka ofisi moja hadi nyingine katika nchi za Kenya, Uganda na Unguja, kisha biashara kidogo katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, ambako vita vilimkuta mwaka 1914 na kumfanya mfungwa wa kivita huko Tabora hadi mji huo ulipotekwa na Wabelgiji mwaka 1916. Baada ya hapo aliingia katika utumishi wa Waingereza huko Tanga, akapanda hadi kuwa karani mkuu, na mwaka 1931 akawa mmoja wa mashahidi watatu Waafrika wa Tanganyika waliopelekwa London, pamoja na Chifu Makwaia na Francis Lwamugira, kueleza maoni yao mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyokuwa ikizingatia mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki.

Wako wanaomsoma Kayamba leo na kumwona mtu aliyekuwa karibu mno na watawala, na hukumu hiyo haikosi msingi, kwani sauti yake ni ya mtumishi anayejivunia kuaminiwa. Lakini hukumu hiyo huacha nje jambo alilolifanya mwaka 1922 huko Tanga, alipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika, chenye wanachama makarani na walimu, Waislamu kwa Wakristo, ambacho wanahistoria hukihesabu miongoni mwa watangulizi wa African Association ya mwaka 1929, na kwa hiyo, kwa njia ndefu yenye mapinda mengi, wa TANU ya mwaka 1954. Chama kinahitaji katiba, daftari la wanachama, mweka hazina anayetoa stakabadhi, na katibu anayejua kuandika kumbukumbu za mkutano kwa namna ambayo haitapingwa baadaye. Hayo yote ndiyo makarani waliyokuwa wakiyafanya kuanzia asubuhi hadi jioni kwa ajili ya mwajiri. Ofisi, bila ya kukusudia, ilikuwa imewafundisha watumishi wake jinsi ofisi inavyoundwa.

Mfano wa pili ni wa mtu ambaye wasomaji wa Kiswahili humjua kwa mashairi kuliko kwa daftari za ushuru. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alimaliza masomo yake Dar es Salaam mwaka 1926, na mwaka huo huo akaingia Idara ya Forodha, ambako alidumu hadi mwaka 1944, akifanya kazi Pangani na kwingineko. Maana yake ni kwamba miaka 18 ya ujana wake, tangu umri wa miaka 17 hadi 35, ilikwenda katika kazi ya karani wa forodha, na ndiyo miaka ambayo lugha yake ilikuwa inakomaa.

Inafaa kuieleza kazi hiyo kwa karibu, kwa sababu wahakiki wa fasihi huitaja kwa sentensi moja na kuendelea. Chombo kilipotia nanga, nahodha alileta orodha ya shehena, yaani hati inayotaja kila mzigo uliomo. Karani aliilinganisha hati hiyo na mzigo ulioshushwa, akahesabu kilichohesabika, akatia mizanini kilichopimika, akatafuta katika jedwali la serikali kiwango cha ushuru kinachohusu bidhaa ya aina ile, akapiga hesabu, akaandika stakabadhi, akagonga muhuri, kisha akaingiza yote katika daftari ambalo jumla yake ilipaswa kulingana na fedha iliyomo sandukuni. Neno katika kazi hiyo lina uzito wa fedha. Kitambaa kikiandikwa kwa jina lisilo lake, ushuru unabadilika. Kipimo kikisomwa vibaya, mfanyabiashara anadhulumika au serikali inakosa haki yake, na karani anaitwa kujieleza kwa maandishi. Haitakuwa kutia chumvi kudhani kwamba mtu aliyezoea kwa miaka mingi kuyapima maneno kwa namna hiyo alibeba tabia yake hadi kwenye insha na tenzi, ambamo kila fadhila na kila uovu huitwa kwa jina lake na kuwekwa katika safu yake. Pangani yenyewe, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa mlango wa misafara ya pembe za ndovu, ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya shughuli zake baada ya reli kuifanya Tanga kuwa bandari kuu ya kaskazini, na bandari ya namna hiyo humwachia karani wake saa za kusoma. Hilo la mwisho ni dhana ya mwandishi wa makala haya, si habari iliyoandikwa na Shaaban Robert.

Kwa hakika, anayefungua Maisha Yangu, kumbukumbu alizoziandika mwenyewe, akitarajia maelezo ya ushuru na mizani, atakuta kwamba mwandishi anashughulika zaidi na ndoa, misiba, malezi, mwenendo mwema na uhamisho. Uhamisho huo ndio mahali ambapo kanuni inaingia ndani ya nyumba. Mwaka 1944 alihamia Idara ya Wanyama huko Mpwapwa, katika nchi kavu ya katikati, mbali na bahari na mbali na jamaa, akakaa huko hadi mwaka 1946 aliporudi Tanga katika ofisi ya jimbo. Baadaye alihudumu katika ofisi ya upimaji ardhi hadi mwaka 1960. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958, ambazo zilihaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa mwaka 2002, zinakamilisha yale ambayo kitabu kimeyafunika kwa heshima, kwa kuwa ndani yake mtumishi wa serikali na mshairi ni mtu mmoja mwenye nyumba ya kutunza, fedha za kuhesabu na miswada ya kutafutia mchapaji. Zikisomwa pamoja na Maisha Yangu, zinamweka mshairi huyo mahali pake halisi, yaani kati ya watumishi wa ngazi ya kati waliokuwa wakiandika usiku baada ya kuandikia serikali mchana.

Kumbukumbu za makarani, hata hivyo, zina upungufu ambao hauna budi kusemwa wazi: zimeandikwa na watu walioshika kalamu, na idadi kubwa ya vijana wa wakati huo walianza kazi mahali ambapo kalamu ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na bonde la Pangani, zao lililoletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, kazi ya kwanza ya maelfu ya vijana kutoka bara ilikuwa ya umanamba, yaani ya mfanyakazi wa mkataba aliyesafirishwa kutoka kwao na kutambuliwa shambani kwa namba yake. Mshahara wake ulitegemea kipande, kadi yenye nafasi 30, ambapo kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa nafasi moja ilitiwa alama, na malipo kamili yalitolewa nafasi zote zilipojaa, si tarehe ya mwisho wa mwezi ilipofika. Siku ya homa haikuwa na alama. Siku ambayo mnyapara, yaani msimamizi wa kikosi, aliona kwamba mizigo ya majani haikutimia, nayo haikuwa na alama, hata kama jasho lilikuwa limemwagika tangu alfajiri. Mwezi wa kalenda ukaachana na mwezi wa kipande, na kijana aliyetoka kwao akidhani kwamba mwezi ni mwezi alijifunza katika wiki zake za mwanzo kwamba wakati nao una mwenyewe.

Nchini Kenya neno hilo hilo lilikuwa na maana nyingine, nayo haikuwa nyepesi. Kipande cha Kenya, kilichotokana na sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilikuwa hati ya utambulisho yenye alama za vidole na habari za ajira, ambayo wanaume Waafrika walitakiwa kutembea nayo, mara nyingi ikiwa ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inizwa shingoni, na mwajiri alipaswa kuitia saini mfanyakazi anapoondoka. Asiyetiwa saini hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali, na hivyo mkataba wa kazi uligeuka kuwa ruhusa ya kutembea. Manamba na mbeba kipande hawakuacha vitabu; waliyojifunza yalibaki katika migomo, katika kutoroka, na katika ushauri waliowapa watoto wao kuhusu thamani ya shule.

Mmoja wa watoto waliozaliwa katika mazingira ya mashamba hayo ni Tom Mboya, aliyezaliwa mwaka 1930 kwenye shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, ambako baba yake alikuwa msimamizi wa wafanyakazi. Kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1963 zinaieleza kazi yake ya kwanza kwa namna iliyo wazi kuliko Kayamba na kali kuliko Shaaban Robert. Baada ya mafunzo ya miaka ya 1948 hadi 1950 aliajiriwa na halmashauri ya Nairobi, iliyokuwa imepewa hadhi ya jiji mwaka 1950, akiwa mkaguzi wa afya, yaani mtumishi anayekagua usafi wa nyumba, maduka, nyama na maziwa kwa mujibu wa sheria za mji. Wakaguzi wa Kizungu walifanya kazi ile ile na kulipwa mara kadhaa zaidi.

Tukio moja katika kumbukumbu hizo limesimuliwa mara nyingi, na linastahili. Mboya alikuwa peke yake katika maabara ya idara akishughulika na kazi yake, mwanamke wa Kizungu akaingia na sampuli ya maziwa ya kupimwa, akaangaza chumba kizima, kisha akauliza kama humo ndani hamna mtu. Mboya alimjibu kwa kumuuliza iwapo macho yake yalikuwa na hitilafu. Wasimulizi wengi huishia kwenye jibu hilo kwa sababu linachekesha na linaburudisha moyo, lakini kilichofuata katika maisha yake ya kazi kina mafunzo mengi zaidi kuliko jibu lenyewe, kwani dharau ya mgeni mmoja haiwezi kujadiliwa mezani, bali ngazi ya mshahara inaweza. Mwishoni mwa miaka ya 1940 tume iliyoongozwa na Maurice Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika nchi za Afrika Mashariki, ilikuwa imependekeza kwamba Mwafrika mwenye sifa sawa na Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu huyo, na ilichukua hadi tume ya David Lidbury, ya mwaka 1953 hadi 1954, kupendekeza ngazi zisizofuata rangi. Halmashauri za miji zilikuwa na taratibu zao, lakini hewa ilikuwa moja.

Mboya aliielewa hewa hiyo kama mtu wa ndani. Alikuta chama cha watumishi Waafrika wa halmashauri, chama ambacho, kwa kuwa hakikuandikishwa kama chama cha wafanyakazi, mwajiri aliweza kukisikiliza akipenda na kukipuuza akitaka. Tofauti hiyo kati ya chama cha watumishi na chama cha wafanyakazi, ambayo kwa jicho la haraka ni ya majina matupu, ndiyo iliyokuwa kiini cha mambo, kwa kuwa cha pili kina haki ya kujadiliana inayotambuliwa na sheria. Alichaguliwa kukiongoza mwaka 1952, akasimamia kugeuzwa kwake kuwa chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa cha Kenya, na mwaka 1953 ajira yake katika halmashauri ikakoma naye akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi akiwa na umri wa miaka 23. Aliyemfundisha kusoma sheria ndogondogo za mji kifungu kwa kifungu ni mwajiri mwenyewe, kwa sababu mkaguzi wa afya asiyejua kifungu hawezi kumpeleka mwenye duka mahakamani.

Wote waliotajwa hadi hapa ni wanaume, na hiyo si bahati mbaya ya uteuzi, kwani milango ya ofisi ilikuwa imefungwa kwa wanawake kwa muda mrefu. Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert mwenyewe aliandika wasifu wake, alianza maisha ya kazi akiuza vyungu kutoka Fumba kabla ya kuhamia mjini Unguja na kuwa mwimbaji wa taarab ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Kazi yake ya kwanza haikuwa na mkataba, wala ngazi, wala mkubwa, ila soko. Ilihitaji kupita miongo kadhaa ndipo mwanamke aandike kumbukumbu za kuajiriwa kwake, na miongoni mwa zilizo bora ni za Wangari Maathai, zilizochapishwa mwaka 2006.

Maathai alikwenda kusoma Marekani mwaka 1960 kupitia mpango wa kuwasafirisha wanafunzi ambao Mboya alikuwa mwasisi wake mkuu, na mwaka 1966, akiwa na shahada ya uzamili ya Pittsburgh, alirudi Nairobi na barua ya ahadi ya kazi ya utafiti katika chuo kikuu, akaripoti siku aliyoambiwa, akajulishwa kwamba nafasi hiyo amepewa mtu mwingine. Kwa maelezo yake, aliyepewa alikuwa wa kabila la profesa aliyemwahidi, na kuwa kwake mwanamke kulizidi kumpunguzia thamani. Kazi yake ya kwanza nchini mwake, kwa hiyo, ilikuwa kazi ambayo hakuipata kamwe. Miezi kadhaa baadaye Reinhold Hofmann, profesa Mjerumani aliyekuwa akijenga idara ya anatomia ya mifugo, alimwajiri kuwa msaidizi wake, na kutoka hapo akapata shahada ya uzamivu mwaka 1971.

Alipokwisha kuwa mhadhiri ndipo alipoyasoma masharti ya kazi kwa makini na kukuta kwamba mwanamke aliyeolewa hakustahili marupurupu, kama vile nyumba, ambayo mwanamume wa cheo kile kile aliyapata bila kuuliza, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mume wake anayo. Yeye na mwenzake wa biokemia, Vertistine Mbaya, walianza kudai masharti sawa, na katika kutafuta chombo cha kudaia walijaribu kukigeuza chama cha wahadhiri kuwa chama cha wafanyakazi chenye haki ya kujadiliana, hatua ile ile aliyoichukua Mboya miaka ishirini kabla yao katika jiji hilo hilo. Safari hii mwajiri alikuwa chuo ambacho mkuu wake wakati huo alikuwa Rais wa Jamhuri, na jaribio hilo lilishindikana. Walichokipata wawili hao hatimaye ni masharti ya wanaume kwa ajili yao wenyewe, huku wanawake wengine wa chuo wakibaki kwa muda chini ya kanuni ya zamani, baadhi yao kwa sababu waume zao hawakupenda waonekane wakidai.